Mtunza Ghala wa Kumbukumbu na Jinsi Anavyopimwa

Huko Ikoma, wilayani Serengeti, kama kwingineko nchini, simu ya mkononi imekuwa mkoba wa fedha na sanduku la siri. Ndani yake imo programu isiyoonekana: mgawaji wa kumbukumbu. Tumfananishe na mtunza ghala. Programu nyingine humwomba nafasi, huitumia, kisha humrudishia.

Waovu hupenyea hapo. Wakiifanya programu irudishe nafasi ileile mara mbili, au iandike kupita mpaka wake, waweza kuiteka simu. Kwa hiyo, kuanzia Android 11, iliyotolewa mwaka 2020, simu nyingi za Android hutumia mgawaji aliyeimarishwa, aitwaye Scudo. Yeye huitia kila nafasi muhuri wa hesabu, na kuukagua nafasi inaporudishwa.

Je, mgawaji wa namna hii hupimwaje? Kwanza hupimwa uaminifu. Aombwe nafasi 10 za baiti 8 kila moja, zikiwa zimesafishwa: baiti zote 80 ziwe sifuri. Aombwe idadi na ukubwa ambao zao lake lapita namba kubwa kabisa iwezayo kuandikwa na kompyuta: ajibu "hakuna", wala asitoe nafasi pungufu. Nafasi ikipanuliwa, yaliyomo yasipotee.

Kisha hupimwa ulinzi. Mpimaji hurudisha nafasi moja mara mbili kwa makusudi. Programu ikiendelea kana kwamba hapana kosa, mgawaji ameshindwa; ikikatizwa papo hapo, amefaulu.

Mwanafunzi na akumbuke: mlinzi hapimwi kwa kuwafungulia wenyeji tu, bali pia kwa kumzuia mwizi.