Mtoto Aliyepotezana na Wazazi

Mwaka jana mdogo wangu alipotea mnadani. Mama mmoja akamhurumia, akamchukua nyumbani kwake kumpa uji. Alitenda wema, lakini sisi tulihangaika hata usiku ndipo tukampata, kwa kuwa hakuna aliyejua amekwenda wapi.

Sasa fikirini tarehe 28 Aprili, 1994. Kwa muda wa siku moja hivi watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia vita ya Rwanda, wakaingia Ngara, na Benaco ikawa kambi. Katika msongamano ule watoto wengi waliachana na wazazi wao.

Kiongozi wa kazi ya kuwaokoa watoto huanza na maji, chakula na dawa. Pamoja na hayo hushika daftari, kama wafanyavyo watu wa Msalaba Mwekundu. Mtoto huandikwa jina lake, majina ya wazazi, kijiji chake, na mahali alipoonekana. Asiyeweza kusema hupigwa picha. Kisha hutafutiwa watu wa kumlea kwa muda, na habari zake hupelekwa kambi nyingine. Kumpeleka mbali kabla ya kumwandika ni kumpoteza mara ya pili. Tena anayekuja kumdai huulizwa maswali, maana si kila adaiye ni mzazi.

Basi, wanafunzi wenzangu, tuwafundishe wadogo zetu majina kamili ya baba, mama na kijiji. Siku ile mdogo wangu alijua kusema "Mama" tu. Leo husema pia "Mwankoko".