Bunduki Iliyofaulu Mtihani Ikapasuka: Maana Halisi ya Viwango vya Kijeshi

Mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, kulitokea jambo lililowafadhaisha mainjinia wa karakana ya serikali ya Springfield, jimboni Massachusetts. Baadhi ya bunduki za M1903, ambazo zilikuwa silaha ya kawaida ya askari wa miguu wa nchi hiyo, zilipasuka mikononi mwa wapigaji. Kilichovunjika aghalabu hakikuwa mtutu, bali kiunzi, yaani kile kipande cha chuma cha pua kinachoushika mtutu kwa mbele, na ambamo komeo hupita na kujifunga kabla risasi haijalipuliwa. Kiunzi hicho hakikupinda wala kuvimba. Kilisambaratika vipande vipande mfano wa chungu kilichoangushwa sakafuni. Hata hivyo, bunduki hizo zote zilikuwa zimekwisha kukaguliwa, kupimwa na kupigwa mhuri wa kukubaliwa.

Mtihani wenyewe haukuwa mwepesi. Kila bunduki ilipigwa risasi maalumu ya majaribio yenye shinikizo la takriban paundi 70,000 kwa kila inchi ya mraba, ilhali risasi ya kawaida ilikuwa na shinikizo la karibu paundi 50,000. Msomaji atauliza: iweje chombo kilichostahimili mzigo mkubwa kishindwe na mzigo mdogo?

Jibu limo katika tofauti baina ya sifa mbili za chuma ambazo katika mazungumzo yetu ya kila siku huchanganywa. Sifa ya kwanza ni nguvu, yaani kiasi cha mzigo ambao chuma huweza kuubeba kabla ya kuharibika. Ya pili tuiite ushupavu, yaani uwezo wa chuma kupokea pigo la ghafla kikabonyea au kunyumbuka badala ya kuvunjika. Chungu cha udongo hubeba mzigo mzito kichwani bila taabu yoyote, lakini kikianguka hakuna cha kuokota. Sufuria ikianguka hubonyea, na jioni hiyo hiyo hupikiwa ugali. Viunzi vibaya vya Springfield vilikuwa na nguvu ya kutosha. Kilichokosekana ni ushupavu. Risasi ya majaribio ilikuwa na ganda zima la shaba nyeupe ambalo liliifungia gesi yote mahali pake, hivyo kiunzi kilipata mzigo mkubwa lakini wa kawaida. Wakati wa vita viwanda vya risasi viliharakishwa, na baadhi ya maganda yakawa laini mno kwenye kitako. Ganda kama hilo lilipopasuka, gesi ilifumka ndani ya kiunzi kwa kishindo. Chuma kizuri kingaliumia kikabaki kipande kimoja. Kile kibaya kiliruka usoni mwa askari.

Je, ushupavu huo ulipotea wapi? Uchunguzi uliwarudisha mainjinia kwenye tanuri. Viunzi vilifuliwa kwa chuma cha pua chenye kaboni kidogo, vikapashwa moto ndani ya makaa ya mifupa ili ngozi yake inywe kaboni na kuwa ngumu, kisha vikazamishwa ghafla katika mafuta. Kazi hiyo hutaka joto la kadiri. Likizidi, chembe za chuma hukua na kushikana vibaya, na mafundi husema chuma kimeungua. Hakuna njia rahisi ya kukirudisha katika hali yake. Na joto hilo lilipimwa kwa nini? Kwa jicho. Mafundi stadi wa miaka mingi walitazama wekundu wa chuma, wakaamua wenyewe. Ikagunduliwa kwamba siku ya jua kali, rangi waliyoiona kuwa sawasawa ilikuwa na joto linaloweza kuzidi lile la siku ya mawingu kwa nyuzi 300 za Farenihaiti, yaani kama nyuzi 167 za Selisiasi. Mwanga wa dirishani uliufifisha wekundu, nao mafundi wakaongeza moto.

Sitaki msomaji awacheke mafundi wale. Mhunzi wa kijijini, anayejenga kibanda chake chenye kivuli kizito na kufua humo, anajua jambo ambalo karakana ile kubwa ililisahau: rangi ya chuma kilichopashwa moto haisomeki juani. Ustadi wa jicho ni ustadi wa kweli, mradi mazingira yasibadilike. Kosa halikuwa la jicho. Lilikuwa la utaratibu uliotaja rangi mahali palipostahili kutajwa nyuzi.

Dawa ilikuwa pirometa, yaani kipima-joto cha tanuri, pamoja na utaratibu mpya wa kupasha na kupoza mara mbili, ulioanza mwaka 1918. Bunduki za Springfield zilizo chini ya namba 800,000, na zile za karakana ya Rock Island zilizo chini ya namba 285,507, zikaanza kutiliwa shaka. Hizo ni zaidi ya milioni moja. Wengi wa viunzi hivyo vilikuwa vizima kabisa, kwani ajali zilizoandikwa kati ya 1917 na 1929 hazikufika hata mia. Ila hapakuwa na njia nyepesi ya kutenga kizima na kibovu bila kukivunja. Jeshi liliamua kutoziondoa zote kwa mpigo, bali kuziweka akiba na kuvitupa viunzi vyake kadiri bunduki zilivyorejeshwa kutengenezwa. Ni uamuzi wa mhasibu, nami siusifu, lakini ulifanywa na watu waliojua kwamba bunduki milioni moja hazinunuliwi kwa siku moja.

Baada ya kisa hicho, tuangalie maneno «kiwango cha kijeshi», ambayo siku hizi hubandikwa hata kwenye tochi. Kiwango si tuzo ya ubora. Ni mapatano baina ya mnunuzi na mtengenezaji: chuma gani kitumike, kipashwe joto gani, kipimo kisizidi wapi, na nani atashuhudia. Tutwae komeo la bunduki ya M16. Mapatano yake hutaja chuma cha pua cha aina maalumu kiitwacho Carpenter 158. Hudai uso wake upigwe kwa vijipira vidogo vya chuma ili ngozi yake ikazwe na nyufa zisipate pa kuanzia. Kisha komeo hupigwa risasi ya majaribio yenye shinikizo linalozidi la kawaida kwa karibu theluthi moja, na baadaye hutiwa usumaku na kumwagiwa unga wa chuma, ambao hujikusanya penye ufa usioonekana kwa macho. Mpangilio huo una maana: jaribio lenyewe laweza kuanzisha ufa, basi ukaguzi sharti uje nyuma yake. Wako watengenezaji wa kiraia wanaotumia chuma kile kile, lakini wakapima makomeo machache tu katika kila fungu.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Chukua fungu kubwa ambamo komeo moja katika kila mia lina ufa. Ukichagua makomeo 50 kwa kubahatisha, nafasi ya kutokuta hata moja bovu ni kama asilimia 60. Fungu litapita, mhuri utapigwa, na hakuna aliyedanganya.

Tena kiwango chaweza kutimizwa na askari bado akaangamia. M16 ilipopelekwa Vietnam, baruti ya risasi zake ilikuwa imebadilishwa mwaka 1964. Baruti mpya iliharakisha mwendo wa bunduki kupita kikomo cha mapatano, ambacho kilikuwa mipigo 850 kwa dakika. Kiwanda kiliruhusiwa kuendelea kuzipima bunduki kwa risasi za baruti ya awali, na zikafaulu. Risasi za baruti mpya ndizo zilizokwenda vitani. Chumba cha risasi hakikuwa kimepakwa kromiamu, vifaa vya kusafishia vilikuwa haba, na maganda yakakwama. Kamati ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Richard Ichord ilitoa taarifa kali juu ya hayo Oktoba 1967. Kila karatasi ya ukaguzi ilikuwa safi.

Huku kwetu wengi hukutana na maneno hayo dukani, kwenye simu inayosifiwa kuwa imetimiza MIL-STD-810. Hati hiyo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1962, nayo ni mkusanyo wa njia za kupimia: joto, unyevu, vumbi, mtikisiko, kuanguka. Yenyewe huagiza kila mpimaji achague majaribio yanayolingana na matumizi ya chombo chake, na hakuna ofisi ya jeshi la Marekani inayotoa cheti kwa simu. Kwa hiyo mnunuzi amwulize muuzaji ni majaribio yapi yaliyofanywa, kwa simu ngapi, na kama simu iliyopimwa ni sawa na hii iliyomo ndani ya sanduku.