Vipele vya Kiwele: Tiba Huanzia Mikononi mwa Mkamuaji

Mbuzi anayerusha mateke akikamuliwa huonekana mkaidi, kumbe mara nyingi anaumwa. Tazama kiwele chake kwenye mwanga wa mchana, hasa kwenye mashina ya chuchu na mikunjo ya karibu na mapaja. Ukikuta vipele vidogo vyenye usaha, vimezungukwa na wekundu, huenda ni ugonjwa wa ngozi unaoletwa na bakteria aina ya stafilokokasi.

Bakteria hawa huishi kwenye ngozi za mbuzi, hata puani na mikononi mwa watu, bila kuleta shida. Hupata mwanya ngozi inapolowana muda mrefu, inapochubuka au inapotobolewa na kupe. Mbuzi wa maziwa wanaofugwa Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, au Meru nchini Kenya, wana viwele vikubwa kuliko mbuzi wa kienyeji. Kiwele kikubwa hugusa malalo kila mnyama anapojilaza, na malalo yakiwa na mkojo na matope, ngozi haipati nafasi ya kukauka.

Vipele huanza kwa mbuzi mmoja, lakini sisi ndio tunaovisambaza. Mkamuaji huchovya vidole kwenye mkebe wa mafuta ya kukamulia, humpaka mgonjwa, kisha huchovya tena na kumpaka mzima. Kitambaa kimoja cha kufutia viwele nacho huzunguka banda zima. Mafuta hayo hulainisha chuchu tu, hayaui bakteria. Yakishachafuliwa, kila anayepakwa hupakwa na ugonjwa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua dawa, panga zamu ya kukamua: wazima kwanza, wagonjwa mwisho. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kila mbuzi. Kila mbuzi awe na kitambaa chake, kifuliwe na kuanikwa juani. Mafuta yachotwe kwa kijiti safi, si kwa kidole.

Baada ya kumkamua mgonjwa, osha kiwele kwa maji ya vuguvugu na dawa ya klorheksidini au ya iodini iliyotengenezwa kwa ajili ya viwele, ukifuata vipimo vya kwenye chupa. Usitumbue vipele. Kausha kabisa, kwa sababu ngozi ikibaki na unyevu, kazi yote imepotea. Punguza nywele ndefu za kiwele, badilisha malalo, na rudia usafi huo kila siku mpaka ngozi ipone. Hata kwa wazima, kuchovya chuchu kwenye dawa ya iodini ya asilimia 0.5 hadi 1 baada ya kukamua ni kinga nzuri.

Si kila kipele ni cha bakteria. Magaga mazito kwenye chuchu, huku watoto wa mbuzi wakiwa na vidonda midomoni, yanaashiria orfu, ugonjwa wa virusi. Mtoto humwambukiza mama anaponyonya. Antibayotiki haziui virusi hivyo. Vidonda kwa kawaida hupona vyenyewe ndani ya mwezi mmoja hivi, na dawa huhitajika pale bakteria wanapoingia juu yake. Usibandue magaga, maana virusi hukaa ndani yake kwa miezi mingi yakiwa yamekauka. Orfu huambukiza binadamu pia, hivyo vaa glavu. Muwasho mkali na ngozi iliyokakamaa huelekeza kwenye ukurutu, ambao hutibiwa kwa dawa ya wadudu wa ngozi. Wekundu usio na usaha kwa mbuzi mweupe kama Saanen, anayeshinda malishoni, unaweza kuwa umetokana na jua. Huyo anahitaji kivuli.

Tofauti hizi ndizo zinazofanya sindano ya kubahatisha iwe hasara. Vipele vikienea hadi chini ya mkia, au usafi usipoleta nafuu ndani ya wiki moja, daktari wa mifugo ndiye wa kuamua kuhusu antibayotiki. Muulize maziwa yasitumike kwa siku ngapi. Dawa nyingi zimepimwa kwa ng'ombe, na muda ulioandikwa kwenye chupa huenda usimfae mbuzi. Baadhi ya dawa za minyoo na wadudu hubaki kwenye maziwa muda mrefu sana.

Vipele vikiachwa, bakteria huweza kupanda kupitia tundu la chuchu na kuleta ugonjwa wa kiwele. Kamulia matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi, na ukiona mabonge au damu, maziwa hayo yamwagwe. Usitegemee kuchemsha: moto huua stafilokokasi, lakini sumu ambayo wamekwisha kuitoa kwenye maziwa yaliyokaa na joto haiharibiki kwa kuchemshwa.

Dalili moja haingoji kesho. Ngozi ya kiwele ikigeuka ya bluu au nyeusi na kuwa baridi, huku mbuzi amekataa kula, mwite daktari saa hiyohiyo. Mnyama huyo anaweza kufa ndani ya siku moja, na akipona, upande wa kiwele ulioathirika kwa kawaida hautoi maziwa tena. Kumkagua kila mbuzi kabla ya kumkamua huchukua muda mfupi, na sabuni na vitambaa safi ni nafuu kuliko dawa yoyote.