Bima ya gari Minneapolis: rahisi hugeuka ghali theluji ikianguka

MINNEAPOLIS hupata theluji ya takriban inchi 50 kwa mwaka, yaani zaidi ya sentimeta 125. Mwaka 1991 dhoruba moja iliyoanza Oktoba 31 iliangusha inchi 28.4 peke yake. Katika jiji la namna hiyo dereva mpya huingia soko la bima akiwa mnyonge. Hana kumbukumbu ya uendeshaji nchini Marekani, na hata kama ameendesha matatu Nairobi miaka 10, kampuni nyingi hazihesabu miaka hiyo. Ada anayotajiwa humshtua, naye hukimbilia bima ya chini kabisa inayokubalika kisheria.

Wasomaji wenye ndugu Minnesota, jimbo walikohamia Wakenya wengi, wanajua uzito wa jambo hili. Anayefanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunza wazee mara nyingi hana basi la kumfikisha. Gari likilala, mshahara nao hulala, na fedha za kutuma nyumbani pia.

Sheria ya Minnesota inadai bima ya madhara kwa wengine: dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, dola 60,000 kwa ajali nzima, na dola 10,000 kwa mali. Juu yake iko bima ya majeraha inayolipa bila kuuliza nani mkosaji, dola 20,000 za matibabu na dola 20,000 za mishahara iliyopotea na gharama kama hizo. Iko pia kinga dhidi ya anayekugonga bila kuwa na bima au akiwa na bima isiyotosha. Anayeendesha bila bima hutozwa faini isiyopungua dola 200.

Msomaji aitazame tena orodha hiyo. Gari lake mwenyewe halimo. Wengi husikia kwamba huko hulipwa bila kujali kosa, wakadhani na bodi itanyooshwa. Sivyo, hiyo ni kwa ajili ya mwili wa mtu tu.

Kile ambacho sisi huku twakiita bima kubwa, huko hukatwa vipande na kuuzwa mbalimbali. Kipande cha mgongano hulipa gari likiteleza juu ya barafu nyembamba isiyoonekana na kugonga nguzo. Kipande cha pili hulipa wizi, moto, tawi lililovunjwa na uzito wa theluji, au paa aliyerukia barabarani. Wizi si jambo dogo wakati wa baridi, maana wako wanaoacha injini ikinguruma nje ili gari lipate joto, na mwizi analijua hilo.

Barafu nayo si utetezi. Anayemgonga wa mbele yake kwa kuteleza kwa kawaida huhesabiwa mkosaji, kwani alipaswa kuacha nafasi. Akiangukia pikapu mpya ya dola 40,000 na kuiharibu kabisa, zile dola 10,000 za mali zitakwisha mapema na salio atadaiwa yeye. Kupandisha kiwango hicho mara nyingi huongeza ada kidogo kuliko watu wanavyohofia, na kwa maoni yetu hapo ndipo pa kuanzia kutumia fedha.

Sasa hesabu, kwa tarakimu za mfano tu. Gari la thamani ya dola 3,000, vipande vile viwili viongeze ada ya dola 900 kwa mwaka, na mwenye gari ajilipie dola 1,000 za mwanzo. Gari likiharibika kabisa atapata dola 2,000. Miaka miwili na ushei ya ada imekwisha kulimeza fungu hilo. Afadhali aweke akiba. Lakini kwa gari la dola 14,000 lililonunuliwa kwa mkopo hana hiari, kwani mkopeshaji hudai vipande vyote viwili.

Hapo swali ni kiasi cha kujilipia mwanzo: dola 500 au 1,000? Ikiwa kuchagua 1,000 kunaokoa dola 150 kwa mwaka, itachukua zaidi ya miaka mitatu bila ajali kuirudisha ile tofauti ya 500. Dereva mzoefu aweza kuicheza kamari hiyo. Anayeona theluji kwa mara ya kwanza asiicheze, angalau kwa misimu miwili ya mwanzo.

Wenye biashara wajihadhari zaidi. Bima ya gari la binafsi kwa kawaida hailipi gari likiwa linabeba abiria wa kulipa au kupeleka vyakula kwa malipo. Wakala aambiwe ukweli kabla ya kutia saini, la sivyo madai hukataliwa baada ya ajali.

Jingine ambalo bima hailipi ni kukokotwa kwa gari lililoegeshwa vibaya. Jiji likitangaza dharura ya theluji, usiku wa kwanza, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi, hairuhusiwi kuegesha upande wowote wa barabara kuu zilizowekewa alama. Kesho yake ni zamu ya upande wa namba shufwa katika mitaa mingine, na siku ya tatu upande wa namba witiri.