Kidonge au Sindano: Njia za Dawa ya Malaria

Vimelea vya malaria vinavyomtesa mgonjwa hujificha ndani ya chembe nyekundu za damu, kwa hiyo dawa haina kazi mpaka ifike huko. Wengi huamini sindano ina nguvu kuliko kidonge. Ukweli ni kwamba njia ya kumpa mgonjwa dawa hutegemea hali yake, na anayeweza kumeza huponywa vizuri na vidonge.

Kwa malaria isiyo kali hutolewa dawa mseto, yaani ALu. Kidonge kimoja kina miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini. Artemetha huua vimelea kwa kasi lakini huisha mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini hubaki siku kadhaa ikimalizia vilivyosalia. Tatizo ni kwamba lumefantrini haifyonzwi vizuri bila mafuta. Anayemeza ALu kwa maji matupu huku tumbo halina kitu hupata sehemu ndogo tu ya dawa hiyo, hata akifuata saa zote. Kikombe cha maziwa kinatosha kuleta tofauti, na jambo hili linastahili kusemwa kila vidonge vinapotolewa.

Watoto wadogo walikuwa wakisagiwa vidonge vichungu na kuvitema. Tangu 2009 vipo vinavyoyeyuka kwenye maji, vyenye ladha tamu. Mtoto akitapika ndani ya saa moja, dozi hurudiwa.

Mwenye degedege, aliyepoteza fahamu au anayetapika kila kitu hawezi kutibiwa kwa kidonge. Huyo huchomwa artesuneti, kwenye mshipa au msuli wa paja: mara anapofika, baada ya saa 12, na tena baada ya saa 24. Akiweza kumeza, hupewa ALu kamili ya siku tatu. Hapa pana hatari kubwa: mgonjwa hujiona amepona, akaacha vidonge, na vimelea vilivyobaki vikaongezeka upya.

Pasipo na huduma ya sindano, mtoto wa chini ya miaka 6 huwekewa artesuneti kwenye njia ya haja kubwa. Makalio hubanwa kwa dakika 10 ili dawa isitoke. Ikitoka ndani ya nusu saa, huwekwa nyingine. Dawa hiyo haimalizi matibabu. Humpa mtoto muda wa kufikishwa hospitali, na safari lazima ianze papo hapo.