Je, Wajua? Kaburi Linaloutazama Mji

Je, wajua kwamba Bujumbura ina kaburi linaloonekana tokea mbali? Juu ya Kiriri, mtaa wa mlimani wenye mojawapo ya kampasi za Chuo Kikuu cha Burundi, kuna kilima cha Vugizo. Hapo, chini ya matao marefu, amelala Mwanamfalme Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne.

Septemba 18, 1961, chama chake cha UPRONA kilishinda viti 58 kati ya 64 vya bunge. Waswahili wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu wengi, walikuwa miongoni mwa wafuasi wake wakubwa. Oktoba 13 alipigwa risasi mgahawani kando ya Ziwa Tanganyika, akila chakula cha jioni. Alikuwa waziri mkuu kwa wiki mbili tu, na umri wake miaka 29. Inauma hadi leo: uhuru ulikuja Julai 1, 1962, yeye hayupo.

Ukifika Bujumbura, panda Vugizo jioni. Utaliona Ziwa Tanganyika mbele yako, na ng'ambo yake milima ya Kongo.