Difu la Land Rover halina tundu la kujazia oili? Usikate tamaa

Leo tuache siasa kidogo, tuingie chini ya gari.

Kwa wenzetu wa Namasakata na vijiji vingine vya Ruvuma, Land Rover 109 ya zamani si gari la maonyesho. Ni gari la kazi. Shida ni kwamba Series III za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 1985, kwa hiyo zimepita mikononi mwa mafundi wengi. Unalala chini kutafuta nati ya kujazia oili ya difu, unakuta imeliwa kichwa, au kuna jamaa aliichomelea kabisa ili isivuje! Wengi hapo huinuka, wanajipangusa vumbi na kuondoka. Difu linabaki na oili ya miaka mingi mpaka siku linajifunga porini, na mgonjwa yuko ndani.

KWANZA, JUA DIFU LAKO
109 za Series III nyingi zina difu la nyuma aina ya Salisbury. Utalijua kwa kava la nyuma linalofunguka kwa boliti. Hili linameza lita 2.5. Lile la Rover, ambalo mgongo wake hauna kava la kufungua, linameza lita 1.75. Oili ni ya gia, EP 90. Usiweke oili ya injini: meno ya Salisbury yanasuguana kwa kuteleza, na bila dawa iliyomo kwenye EP yanakwisha haraka.

KWA NINI KIPIMO NI MUHIMU
Lile tundu kazi yake ni mbili: kujazia na kupimia. Oili ikifika kwenye mdomo wake wa chini, imetosha. Kama tundu halipo, kuongeza kwa kukisia ni kamari. Ikipungua, meno yanaungua. Ikizidi, inasukumwa kwenye sili na kulowesha breki. Kwa hiyo mwaga YOTE kwa nati ya chini, halafu weka kiasi kinachojulikana. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Hutokea sana ukivuka mto difu likiwa la moto: hewa ya ndani inapoa ghafla, difu linavuta maji.

NJIA YA KWANZA: KIPUMULIO
Juu ya ekseli kuna kizibo kidogo cha kupumulia. Safisha pembeni kwanza mchanga usidondoke ndani, kisha kifungue. Chomeka mpira mwembamba wenye faneli. Anika oili juani iwe nyepesi, mimina taratibu, gari likiwa mahali tambarare. Inachukua muda, lakini inafika. Ukimaliza, safisha kizibo kabla ya kukirudisha. Kikiziba, oili itatokea kwenye sili.

NJIA YA PILI: SHAFTI
Kwenye 109 shafti ya nyuma inachomoka bila kutoa tairi. Fungua boliti zake kwenye habu, vuta, inua upande huo kidogo, mimina kwa mpira mrefu. Gasketi ya karatasi weka mpya.

Lakini jamani, hapa ndipo watu wanapoumia. Hendibreki ya Land Rover haishiki tairi, inashika shafti kubwa inayokwenda nyuma. Ukichomoa shafti moja, au ukiinua tairi moja ya nyuma, hendibreki haikusaidii tena na gari linaweza kuondoka. Weka mawe au magogo mbele na nyuma ya tairi zilizobaki chini. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

DAWA YA KUDUMU
Kwa Salisbury, weka tundu jipya kwenye kava. Urefu wake utaupataje? Difu likiwa tupu na gari limesimama sawa, funga mpira unaoonyesha kwenye tundu la chini, uupandishe wima kando ya kava. Mimina lita 2.5 kwa juu, acha kipumulio wazi, subiri nusu saa. Oili itasimama kwenye mpira kwa urefu uleule wa ndani. Weka alama ya chaki kwenye kava. Mwaga oili kwenye chombo safi, fungua kava, litoboe likiwa MEZANI, mdomo wa chini wa tundu ukae kwenye alama. Ukitoboa likiwa kwenye gari, chenga za chuma zitakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Chomelea nati, tafuta boliti fupi isiyofika kwenye krauni, hakikisha kava halijapinda, funga na gasketi mpya.

Ukishapata tundu, kazi ya nusu siku inakuwa ya dakika kumi, na hata dereva asiye fundi anaweza kupima mwenyewe kabla ya safari.

Oili chafu msimwage mtoni, watu wanakunywa hayo maji. Mwenye mbinu nyingine aimwage hapo chini tujifunze wote. Kazi kwenu!